Mwongozo kamili wa kufunga mwamba wa pweza kijijini kwenu, kuanzia mkutano wa kwanza mpaka siku ya kufungua

Kama kijiji chenu kina mwamba unaotokeza maji yakipwa, na kuna watu wanaoishi kwa kuchokoa pweza pale, basi mna pa kuanzia kurudisha uhai wa bahari bila kusubiri mfadhili wala boti ya doria kutoka mjini. Mnafunga kipande cha mwamba miezi mitatu hivi, hamna mtu kuingia, afu mnafungua. Kimaneno ndo hivyo tu. Kwa vitendo kuna sehemu kadhaa ambazo mkizembea kazi yote inaenda na maji, na nisiwafiche, sehemu inayoua mara nyingi sio kule kufunga, ni wiki ya kufungua. Ndo maana nimeiandikia kirefu kuliko zote.

Kwanini pweza na sio samaki

Kwa sababu ya haraka yake. Huyu pweza wetu wa mwambani, yule wa kahawia anayebadilika rangi ukimwangalia, umri wake wote ni kama mwaka au mwaka na nusu. Jike anataga mara moja tu maishani, mayai maelfu kwa maelfu, anajifungia tunduni kuyalinda wala hali kitu, yakishaanguliwa anakufa. Watoto wanaelea na maji wiki kadhaa huko ndo wanashuka mwambani, na wakishashuka wanakua vibaya mno, wa nusu kilo ukimwachia miezi mitatu anaweza akafika kilo 2. Sasa linganisha na chewa, chewa ukimfungia miezi mitatu huoni tofauti yoyote, yeye anataka miaka, na ukienda kumwambia mvuvi mwenye watoto wanne asubiri miaka mitano atakucheka na wala hajakosea. Pweza anakupa majibu kabla watu hawajasahau waliahidiwa nini.

Afu mkifunga mwamba hapumziki pweza peke yake. Matumbawe hayakanyagwi, hamna chuma kinachovunja mawe kumtoa pweza tunduni, hamna juya linalokokotwa juu ya majani ya bahari. Kikande wanarudi, na kikande ndo wanaokula wale wanyama wa miiba mirefu wanaotafuna mwamba, wakivuliwa wakaisha wale wa miiba wanazidi na mwamba unabaki kama umekwanguliwa. Pono na kangaja wanakula mwani unaotaka kufunika matumbawe. Na hii sio ya kubeza, mwaka 1998 maji yalipopata joto matumbawe yalipauka na kufa ukanda mzima huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, na joto lenyewe kijiji hakina la kulifanya, ila mwamba wenye samaki wanaokula mwani ndo wenye nafasi ya kuota tena.

Nani kashafanya

Mfano unaotajwa sana ni wa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, mwaka 2004, wavuvi Wavezo walifunga mwamba wa Nosy Fasy miezi saba. Vijiji vya jirani vilipoona mzigo uliotoka navyo vikafunga ya kwao. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha hesabu ya ufungaji 36 uliofanyika kule kwa miaka nane, wakakuta mwezi ule wa baada ya kufungua pweza wanaotolewa wanaongezeka zaidi ya asilimia 700 ukilinganisha na mwezi wa kabla ya kufunga. Shika hiyo namba afu shika na ya pili, anachopata mtu mmoja kwa siku kiliongezeka asilimia 87. Kwanini moja ni 700 na nyingine 87? Kwa sababu siku ya kufungua watu wanamiminika, mzigo ni mkubwa lakini unagawanywa kwa mikono mingi. Tutarudi hapo.

Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, walienda mbali zaidi, toka 2012 kisiwa kizima kinafunga pweza miezi miwili kila mwaka. Kwetu huku wamefanya Pemba, Kisiwa Panza na Kukuu, wamefanya Pate kule Lamu ambako akina mama ndo walioshika usukani, na vijiji vingine kusini Tanzania bara. Kwa hiyo sio mambo ya kubuni, ukitaka kwenda kuona kwa macho nauli yake ni ya mashua na boda. Na kwa kweli kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, itumieni kuwapeleka wavuvi wenu watano, watatu wawe wanawake, kwenye kijiji kilichoshafunga. Mvuvi anamwamini mvuvi mwenzie, afisa mwenye laptopu hamwamini kivile.

Hatua ya 1: mkutano, kabla hata ya kutaja mwamba upi

Kosa ninaloliona kila mahali ni kamati kukaa watu saba, wanachagua mwamba, wanachora ramani, afu ndo wanaita mkutano kuwaambia watu. Hapo mshapoteza. Watu wakija wakakuta ramani imeshachorwa wanajua wameitwa kupiga makofi.

Iteni makundi mbalimbali, tena kila kundi peke yake kwanza. Akina mama wanaotembea kwa miguu maji yakipwa. Vijana wanaozamia na miwani. Wenye madema na nyavu. Matajiri wanaonunua, yaani wale wanaokopesha wavuvi kabla ya bahari. Wazee. Kina mama muwasikilize bila waume zao kuwepo, maana mkutano mkubwa wanaume ndo wanaongea na wanawake wanaitikia, wakati wanaojua tundu gani linakaa pweza na mwezi gani wanaonekana vidogo ni wao. Waulizeni vitu vinavyojibika: zamani bamvua moja, yaani zile siku maji yanakupwa sana, ulirudi na pweza wangapi, saivi wangapi, mkubwa wa mwisho ulimpata lini, unatembea umbali gani siku hizi. Andikeni majibu, mtayahitaji baadae mtu akija kusema "mbona hamna kilichobadilika".

Baada ya hapo ndo mkutano wa wote. Bara ni mkutano mkuu wa kijiji na BMU (kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukwe), Zanzibar sheha na kamati ya uvuvi ya shehia, Kenya ni BMU pamoja na ofisi ya uvuvi ya kaunti. Viongozi wa dini msiwaache nje, kule Misali, Pemba, mafundisho ya Qurani kuhusu kutunza alichoumba Mungu yalitumika kuwasemesha wavuvi, na yaliwaingia watu ambao makaratasi ya serikali yalikuwa hayawaingii. Tangazo baada ya swala ya Ijumaa linafika nyumba ambazo bango halifiki.

Na vijiji vya jirani muwaambie mapema, tena kwa kwenda wenyewe, sio kutuma meseji. Wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi kwa msimu, vilevile. Mgeni anayepiga dago kwenu kila kaskazi hajui mlikubaliana nini, na akiingia mwambani akakamatwa bila kuambiwa mnaanza ugomvi wa miaka.

Hatua ya 2: mwamba upi

Msifunge mwamba wote. Ukubwa usizidi robo ya eneo mnalovua pweza, maana watu wanataka pa kwenda kesho asubuhi. Mkifunga kila kitu mtakuwa mmewafundisha watu kuiba.

Uwe ni mwamba ambao kweli una pweza, sio ule uliokufa. Najua inavutia kufunga ule mbovu ili hamna atakayelalamika, lakini mwamba uliosagwa na mabomu hautoi pweza kwa miezi mitatu, mtafungua, mtakuta hamna kitu, na hamtapata ruhusa ya kufunga tena. Uwe unaonekana kutoka ufukweni au kutoka nyumba fulani yenye watu muda wote. Hili nalipa uzito kuliko hata uzuri wa matumbawe, mwamba mzuri ulioko nyuma ya kisiwa ambako hamna anayeuona mtakuwa mnawalindia wezi. Uwe na mipaka ambayo mtu anaijua bila GPS: ule mlango, lile jiwe, mstari kutoka mnazi ule mpaka kwenye kina. Na uwe na sehemu zote mbili, pa kutembea kwa miguu na pa kuzamia, kwa sababu mkifunga pa kutembea tu mmewafungia wanawake na wanaume wanaendelea kama kawaida, hiyo nimeona inavunja nyumba.

Mnafunga pweza peke yake au kila kitu? Ushauri wangu ni kila kitu ndani ya hicho kipande. Mkisema pweza tu, kila mtu mwenye bunduki ya kuzamia atakuwambia yeye anafuata changu.

Hatua ya 3: lini na muda gani

Miezi mitatu ndo kipimo kinachobebeka. Mwezi mmoja ni mdogo, pweza hajapata uzito, na miezi sita watu wanachoka na walinzi wanachoka zaidi.

Tarehe ya kufungua ndo mnaianza kuipanga, afu mnahesabu kurudi nyuma. Lazima iangukie bamvua kubwa, kwa maana hiyo mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maana maji mafu, yale yasiyokupwa sana, mwamba hautoki na akina mama watabaki ufukweni wakiangalia wazamiaji wanabeba. Angalieni pia mifuko ya watu: kufungua kabla ya shule kufunguliwa Januari kuna maana kubwa kuliko hotuba yoyote. Ramadhani msiiweke katikati ya kufunga kama mnaweza, futari inataka kitoweo na ndo wakati wa vishawishi. Kusi nalo lina pande mbili, Juni mpaka Agosti mwamba wa nje haufikiki na vyombo vidogo kwa hiyo wezi ni wachache, lakini hata doria yenu haifiki, na kama wavuvi mlikuwa mnategemea mwamba wa ndani kipindi hicho basi ndo huohuo msiufunge.

Kuhusu majira ya kutaga, waulizeni wale wamama ni miezi gani wanakuta jike kakaa juu ya mayai na miezi gani wanaona vidogo vingi. Inatofautiana sehemu na sehemu, sitawapa mwezi mmoja wa kukariri.

Hatua ya 4: karatasi

Fupi tu hapa. Maamuzi ya mkutano yaandikwe kwenye muhtasari, watu wasaini, nakala iende kwa afisa uvuvi wa wilaya. Faini mkizipanga zipitie kwenye sheria ndogo zilizoidhinishwa, sio faini za mdomo, maana mtu mjanja mmoja akienda polisi kusema kaporwa boti yake nyie ndo mtalala ndani. Tanzania bara sheria tayari inakataza kuvua pweza chini ya gramu 500, na baruti na sumu ni marufuku kabisa, kwa hiyo hayo hamtungi upya, mnayakumbusha tu.

Hatua ya 5: alama

Maboya pembe nne, mitungi ya plastiki ya lita 20 iliyopakwa rangi inatosha, kamba nene na jiwe zito la nanga lililowekwa kwenye mchanga, sio juu ya tumbawe. Mengine yataibiwa au kukatika, wekeni ya akiba. Bango dikoni, pale wavuvi wanaposhusha na kuuza, lenye mchoro, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, na faini.

Hatua ya 6: doria

Hapa watu wanapoteza nguvu kwa kulinda wakati usio na mwizi. Ukanda wetu huu, Tanga, Pemba, Unguja mpaka Mombasa, wakati wa bamvua maji yanakupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, afu yanakupwa tena saa nne saa tano usiku. Mchana watu wanaonana. Mwizi anakuja na tochi ule usiku wa bamvua, saa tatu mpaka saa sita. Kwa hiyo kama mna walinzi sita na mafuta ya kubabaisha, msiwatawanye siku 30 za mwezi, wekeni nguvu kwenye zile siku tano tano za bamvua mbili, usiku. Maji mafu doria ya kuangalia kutoka ufukweni inatosha, ila wazamiaji muwe nao macho maana wao hawategemei sana maji kupwa.

Walinzi wawe mchanganyiko, asitoke wote ukoo mmoja. Wawe wawili wawili au zaidi, na simu, na kazi yao ni kumtambua mtu, kupiga picha na kutoa taarifa, sio kupigana baharini. Kila doria iandikwe kwenye daftari hata kama hawakuona kitu, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Daftari lenye "hamna tatizo" siku zote tatu za bamvua kubwa na huku ufukweni kuna pweza wadogo wanauzwa, hapo mjue mlinzi alilala au kashirikiana.

Mtu wa kwanza kukamatwa ndo mtihani wenu. Mara nyingi atakuwa mtoto wa mjumbe au shemeji yake sheha, sijui kwanini lakini ndo inavyokuwa. Mkimwachia hapo hapo mwamba umefunguka hata kama boya bado linaelea. Faini sio lazima iwe kubwa, iwe inalipwa tu, na ibandikwe dikoni kwamba imelipwa. Wengine wanampa mtu kazi, kwa mfano kwenda doria bamvua mbili, na naona inafanya kazi vizuri zaidi kwa vijana wasio na hela.

Mafuta yatatoka wapi ndo swali linalokuja kila mkutano. Kama mwamba upo karibu tumieni ngalawa na makasia, haina kelele pia. Hesabu ya mafuta iandikwe na ibandikwe, kwenye doria mafuta ndo yanayoanzisha maneno.

Hatua ya 7: kupima, bila kompyuta

Kabla ya kufunga, pimeni angalau bamvua mbili. Mahitaji ni daftari, mizani ya kuning'iniza, na mtu mmoja anayejua kusoma asiyekuwa na undugu na mnunuzi. Zanzibar bwana diko, yaani msimamizi wa diko, anaweza kuwa ndo huyo huyo. Anaandika tarehe, jina la mwamba, wavuvi wangapi, wamekaa saa ngapi, pweza wangapi, uzito wa kila mmoja, na dume au jike. Dume mnamjua kwa mkono wa tatu wa kulia, ncha yake haina vikombe vya kunyonyea kama mikono mingine. Ukiona jike aliyejaa mayai andika.

Mizani ipimeni kwanza: chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa inatakiwa isome kilo moja na nusu na kidogo cha plastiki. Utashangaa mizani ngapi za dikoni zinakula robo kilo.

Pia kama mna kijana anayezamia, aogelee mstari uleule dakika 20 ndani ya eneo na dakika 20 nje, kabla ya kufunga na kabla ya kufungua, ahesabu changu, pono, kangaja, kikande na chewa. Iwe saa ileile ya maji na mtu yuleyule kama inawezekana. Miezi mitatu samaki hawatabadilika sana, msitegemee muujiza, hiyo hesabu ni ya kulinganisha mwaka wa pili na wa tatu.

Hatua ya 8: siku ya kufungua

Sasa tufike kwenyewe. Mmelinda miezi mitatu, habari imefika mpaka vijiji vinne vya jirani, bamvua ndo hilo. Mkifungua kiholela hivi ndo inavyokwenda: mamia ya watu wanaingia alfajiri, wazamiaji wa boti za faiba wanaanza na pweza wakubwa kwenye kina kabla maji hayajakupwa, wenye vyuma wanavunja matumbawe kwa pupa, saa saba mchana kuna lundo la pweza ufukweni na barafu hamna, mnunuzi mmoja anashusha bei mpaka nusu kwa sababu anajua jua linawaozesha, na siku ya tatu mwamba umebaki vilevile ulivyokuwa kabla hamjafunga. Miezi mitatu imeliwa asubuhi mbili.

Kwa hiyo mwezi mmoja kabla, kaeni na wanunuzi wasiopungua watatu. Waambieni tarehe, waambieni makadirio, kila mmoja aseme bei ya daraja la juu ya kilo moja na la chini yake, atakuja na barafu kiasi gani na analipa taslimu au kwa simu. Iandikwe. Wale waliokopa kwa tajiri wanalazimika kumuuzia yeye, hilo liongeleeni wazi mapema, angalau bei iwe ileile ya wengine. Na kama mzigo utazidi barafu muwe na mpango wa kuanika, pweza mkavu soko lake lipo na wazee wanajua kumkausha.

Wiki moja kabla tangazeni sheria za siku hiyo. Mimi ningeziweka hivi. Kuingia ni kwa kuandikishwa dikoni, wanakijiji kwanza siku mbili za mwanzo, majirani walioheshimu mipaka siku ya tatu. Wanaotembea kwa miguu wana sehemu yao ya mwamba na mzamiaji haruhusiwi kuivuka, wazamiaji wana ya kwao kwenye kina. Kuanza ni kwa ishara moja, bendera au filimbi, maji yakishakupwa kiasi cha wamama kusimama, sio alfajiri. Kumaliza vilevile kwa filimbi. Pweza chini ya gramu 500 anarudi majini akiwa hai, na jike aliye juu ya mayai anaachwa tunduni kwake, hamna kuguswa, hapo ndo pweza wa mwakani. Hamna chuma cha kuvunjia jiwe, hamna kemikali za kufulia za kumfukuzia pweza tunduni, hamna nyavu.

Nani anasimamia? Walinzi walewale pamoja na wamama watu wazima wawili watatu wenye sauti. Kijana anaweza kumbishia mwenyekiti lakini bibi yake hambishii mbele za watu.

Siku ziwe tatu mpaka tano za bamvua, afu mnakaa kuangalia daftari. Kama wastani kwa mtu umeshuka siku hadi siku mpaka karibu na wa kawaida, hamna haja ya kuendelea, pumzisheni mwamba. Wengi wanafungua moja kwa moja mpaka msimu ujao, na hapo sikubaliani nao. Ukifungua siku tano ukafunga tena, hata kama unaruhusu bamvua moja moja, pweza wanaobaki ni wengi zaidi kuliko kuufungulia mlango miezi tisa.

Pesa

Sehemu kidogo ya kila kilo inayopimwa siku za kufungua iende kwenye mfuko wa doria, mfano shilingi 200 au 300, inakatwa pale pale kwenye mizani na mnunuzi, sio kumfuata mvuvi nyumbani kesho yake maana kesho yake haipo. Akaunti iwe na wasaini watatu, mmoja mwanamke mvuvi. Jioni ya mwisho mapato yote yasomwe kwa sauti dikoni: kilo ngapi, shilingi ngapi, mafuta yaliyodaiwa kiasi gani, kimebaki nini. Palepale na tarehe ya kufunga tena itangazwe, watu wakiwa bado wana hela mkononi na pweza kwenye kapu, msisubiri mkutano wa mwezi ujao wakati hela imeshaisha na watu wamerudi kulalamika.

Ikitokea mmefungua mkapata kidogo, msikimbilie kusema kufunga hakufanyi kazi. Angalieni daftari la doria kwanza, wizi wa usiku ndo mtuhumiwa wa kwanza. La pili angalieni mlifunga miezi gani, kuna miezi vidogo havipo kabisa. La tatu mwamba wenyewe, kama ni kifusi cha mawe bila matundu, pweza hana pa kukaa, tafuteni mwingine.

Mkishazoea: kipande kisichofunguliwa

Baada ya kufunga na kufungua mara mbili tatu watu wanakuwa wameona, na hapo mnaweza kuuliza swali ambalo mwanzoni mngefukuzwa nalo: vipi tukiacha pale katikati pasifunguliwe kabisa? Kwa pweza miezi mitatu inatosha, ila kwa chewa, pono na matumbawe yenyewe faida inakuja kwa miaka, kwa hiyo bila kipande cha kudumu mtakuwa mnafuga pweza tu na bioanuai ya mwamba haitarudi ilivyokuwa.

Kenya wanaita tengefu. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga kama hekta 30 kuanzia mwaka 2005, kelele zilikuwepo, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kisiwa cha Chumbe kule Unguja, mwamba wake umelindwa kisheria tangu 1994 na ukiogelea pale unaona tofauti na miamba ya jirani, chewa wanakuangalia usoni.

Kipande chenu kiwe kidogo, hata sehemu ya tano ya eneo mnalofunga. Kiwe na kina kiasi na matundu makubwa, pale pweza jike wanapopenda kutagia na chewa wanapojificha, mahali ambapo mkondo unatoka kuelekea miamba yenu mingine ili watoto wa pweza na mayai ya samaki yabebwe kwenda mnapovua. Wamama wataonyesha ni wapi. Muweke boya la rangi tofauti na yale mengine, na kwenye sheria ya siku ya kufungua muongeze mstari mmoja kwamba ndani ya boya hilo hata aliyeandikishwa haingii.